Bango la Bibi Mastura

Kila alasiri akitoka shule, Penina alipita katika maduka ya Miembeni akiuliza swali lilelile, "Hamna bango la zamani la sinema?" Wenye maduka walimzoea. Wengine walimtania kwamba wanangoja aigize sinema yeye mwenyewe, ndipo wampe bango lake. Penina hakujali. Msichana huyu wa darasa la sita alikuwa na mabango tisa, na yote aliyalaza chini ya godoro lake, nyumbani kwao Nyanga, ili yanyooke.

Siku ya Jumatano bahati ilimwangukia. Bibi Mastura, ambaye katika ujana wake aliuza tiketi kwenye jumba la sinema la mjini, alimfungulia sanduku la bati. Akatoa bango kubwa lenye mwanamume wa masharubu juu ya farasi mweupe. Nyuma yake mwanamke wa sari nyekundu alikuwa analia, lakini wanja wake haukuchuruzika hata kidogo.

"Hili sikupi, nakuazima," alisema Bibi Mastura. "Litundike kwenye maonyesho ya shule Jumamosi. Nitakuja kulitazama."

Penina alitembea hadi Nyanga kama aliyebeba mayai.

Kesho yake walitoka shule mapema. Penina alitandaza bango mezani ili alisafishe. Chini kabisa palibandikwa ukanda wa karatasi uliojaa vumbi, rangi yake kama chai ya maziwa, nao uliziba kwato za farasi. Penina aliuona kuwa ni uchafu tu. Akaulowesha kwa kitambaa chenye maji, ukabanduka mzimamzima. Akautupa katika ndoo ya maganda ya ndizi, akaendelea kuimba.

Jioni rafiki yake Mwesiga alikuja kulitazama bango. Alilisifu, kisha akakunja uso.

"Mbona hapa chini pako wazi? Babu aliniambia kila jumba la sinema lilibandika karatasi yake, ikiandikwa siku na saa. Hiyo ndiyo ingeonyesha kwamba bango hili lilitundikwa hapa Bukoba."

Penina alidhani maji yalikwisha kuyafuta maandishi yote. Alieleza alichofanya, na Mwesiga akampa shauri.

"Mwambie bibi kwamba panya wameila. Panya hawatabisha."

Penina aliyajaribu maneno hayo polepole: panya wameila. Yalitoka vizuri mno, na hilo lilimtisha. Alijua kwamba akiyasema leo, hataweza tena kumtazama Bibi Mastura usoni. Mawingu yalikuwa yameanza kutanda juu ya ziwa, lakini alilikunja bango, akashika njia ya Miembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema hivyo?"

Penina alisema yote bila kumtaja panya. Bibi Mastura aliweka mkono juu ya bango.

"Ule ulikuwa mwandiko wa marehemu mume wangu, Mzee Saburi," alisema. "Picha zake ninazo. Mwandiko wake ulibaki huo tu."

Penina alilia. Bibi Mastura alimwacha alie kidogo, kisha akamuuliza, "Uliutupa lini?"

"Leo mchana, katika ndoo ya maganda."

Bibi alisimama akavuta mtandio wake. "Saburi aliandika kwa rangi ya mafuta, haifutiki kwa maji. Twende kabla maganda hayajamwagwa nje na mvua haijaichana karatasi yenyewe."

Wakapanda bajaji hadi Nyanga. Mama yake Penina, Alistidia, alikuwa kwenye kibanja, shamba la migomba nyuma ya nyumba, ndoo tupu mkononi. Kama majirani wote, maganda ya jikoni aliyamwaga kwenye mashina ya migomba ili yawe mbolea.

"Waitu bibi, maganda ya ebitoke nimeyamwaga sasa hivi, pale," alijibu kwa heshima walipomuuliza, akionyesha maganda ya ndizi.

Wote watatu waliinama wakafukua. Penina ndiye aliyeupata ukanda, umenata kwenye ganda. Mama aliusuuza taratibu, na vumbi lilipotoka, maneno yakaonekana: LEO SAA KUMI NA MOJA JIONI. WATOTO WAKAE MBELE. MIWA HAIRUHUSIWI NDANI.

Bibi Mastura alicheka hadi machozi yakamtoka. "Miwa ilimtesa mtu huyu. Yeye ndiye aliyefagia makapi."

Mvua iliwakuta jikoni, wakikoroga gundi ya unga wa muhogo.

Jumamosi wanafunzi walisongamana mbele ya bango, wakisoma habari ya miwa kwa sauti. Mwalimu Rweyemamu alimwomba Bibi Mastura aseme machache.

"Nyumbani nina bango jingine," alisema, "lakini chini yake hakuna maandishi. Mwanangu Faruku aliyabandua akiwa na umri wenu, akaogopa kusema. Nilipojua, mwezi ulikuwa umepita na karatasi imeoza. Hakuwa mtoto mbaya, alichelewa tu. Penina alikuja siku ileile, ndiyo maana leo mnasoma. Ukikosea, sema mapema, wakati bado tunaweza kutengeneza."

Kisha akamgeukia Penina. "Jumatatu uje nyumbani. Sanduku lile limejaa, nami nataka mtu wa kunisaidia kulipanga. Nimekuchagua wewe."

Penina alifurahi hadi akasahau kushukuru, ikabidi Mwesiga amsemee asante.