Nyekundu ya Nyuma ya Banda

Kwaruu.

Mara moja tu, kutoka chumbani kwangu. Kisha kimya.

Giza ndiyo kwanza lilikuwa linaingia. Nilikuwa jikoni nakwangua masizi ya sufuria; nyeusi yangu naipata hapo. Kuchora sikufundishwa na mtu. Kijani nakamua kwenye majani. Nyekundu nachimba nyuma ya banda la kuni, udongo laini kama unga, nauponda, nauchanganya na kiini cha yai.

Mchana nilichora ua wetu kwenye ubao: ukuta, pipa la maji, kamba ya nguo. Watu sichori.

Nikaingia chumbani na taa. Kwenye ubao wangu, nyuma ya kamba, alisimama mtoto. Mwekundu. Bado mbichi. Chumba kilinuka udongo uliolowa... na maziwa yaliyochacha.

"Mama! Nani kachezea picha yangu?"

Mama akaja. Akaona. Akatoka, akarudi na kisu cha jikoni, akaanza kumkwangua yule mtoto shavuni.

Kwaruu.

Shavu langu likachanika.

"Weka kisu chini!" Nilimkamata mkono, damu ikinitiririka shingoni. "Picha zangu za mwanzo ulizitia motoni, nikanyamaza. Hii huigusi!"

"Udongo umeuchimba wapi, mwanangu?"

"Nyuma ya banda."

"Si nilikukataza?"

"Wewe hukatazi nini? Kuchora umekataza, kuuliza umekataza, na sababu husemi!"

Akaketi sakafuni. Akanong'ona, "Mlizaliwa pacha. Mwenzio hakumaliza wiki. Bibi yako akasema tusimtaje kamwe, asije akakufuata."

"Mkamfukia nyuma ya kuni? Kama paka?"

Mama akageukia ubao.

Ubaoni, mtoto alikuwa amesogea. Sasa alisimama mbele ya kamba. Vidole vyangu vikakakamaa, vikaanza kupasuka kama tope lililokauka. Kisha kiganja. Kisha kiwiko.

"Anataka nini, mama?"

"Jina lake."

"Basi mpe!"

"Nikilitaja nitakupoteza."

"Unanipoteza sasa hivi! Mwite mtoto wako!"

Mama akatambaa hadi kwenye ubao, akaweka midomo karibu na lile sikio jekundu, akalitamka.

Lilikuwa jina langu. Jina ambalo watu wote huniita, ila yeye, mwenye kuniita "mwanangu" tu, hajawahi kuniita nalo hata siku moja.

Kabla sijafungua mdomo, ubao ukaitika.

"Abee, mama."