Baiskeli Iliyolala Jikoni

Majirani zangu wa mlimani, ninayowasimulia yalitokea nyumba ya pili kutoka kwangu, na wenyewe wameniruhusu niyaseme. Nayasema kwa shukrani, maana leo tungeweza kuwa tunasimulia msiba.

Nyumba hiyo ni ya Fundi Spoki, ambaye baiskeli nyingi za mtaa huu zimepita mikononi mwake. Anaishi na mkewe na mama yake mzazi. Mkewe ndiye yule tunayemwita Mama Mikate. Alfajiri huoka, na kukipambazuka hufunga kreti ya mikate mbele ya baiskeli na kuteremka nayo hadi kwenye maduka ya bondeni. Siku za kliniki, mama mkwe hukaa kiti cha nyuma, akimshika kiuno na kuimba njia nzima. Ilikuwa nyumba ya vicheko. Ukipita dirishani ulimsikia bibi akimtania mwanawe kwamba alizaliwa na grisi kwenye kucha.

Kisha msimu wa baridi ukaingia, na mwaka huo ulikuja na ukali wake. Asubuhi umande uliganda juu ya majani, na vidole viliuma.

"Breki zimekuwa nzito," Mama Mikate alimwambia mumewe. "Nikibonyeza, mkono wa breki haurudi upesi. Unajivuta kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu."

Niwaeleze kidogo wale msiozijua. Baiskeli ile haina breki za waya. Ndani ya kijibomba chembamba mna mafuta. Ukibonyeza mkono wa breki, mafuta husukuma pedi mbili, nazo hubana sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Ni breki nzuri sana, mradi mafuta yatembee.

Fundi aliahidi kuziangalia, na kweli aliziangalia. Lakini aliziangalia jua likiwa limeshapanda, baiskeli imeegemezwa ukutani na chuma chake kina joto. Akabonyeza, zikashika. Akabonyeza tena, zikashika.

"Mke wangu, breki hizi zinasimamisha lori," alisema, wateja wake wakisikia. "Baridi iko kwenye mikono yako, si kwenye breki."

Wateja wakacheka. Siku nyingine mama wa watu akalalamika tena, Fundi akaangalia tena, saa ile ile ya jua, akapata jibu lile lile. Baada ya hapo Mama Mikate hakusema tena. Hapo ndipo nyumba ilipoanza kuugua, ndugu zangu, ingawa kutoka nje hakuna aliyeona homa yoyote.

Akajitafutia njia yake. Kila jioni aliingiza baiskeli jikoni, akailaza karibu na jiko. Asubuhi, akifika juu ya mteremko, alisimama. Alibonyeza breki mara nyingi hadi zilainike, mkono ukikwama akiusukuma nje kwa vidole. Kisha aliteremka taratibu, breki zikigusa kidogo tu, ili sahani zikauke na zipate joto. Kwa hiyo mikate ilichelewa. Wenye maduka wakanung'unika, na manung'uniko yakapanda mlima hadi kwa Fundi.

Jioni moja Fundi aliingia jikoni kuchukua maji, akajikwaa kwenye pedali.

"Hii baiskeli imekuwa mgeni wa kulala? Tuitandikie na godoro?"

Bibi alicheka hadi akashika mbavu. Mama Mikate hakucheka.

"Ikilala nje inaganda," alisema.

"Inaganda! Haya, kesho pumzika. Nitapeleka mikate mimi, uone inavyofika mapema."

Akaitoa nje, akaiegemeza ukutani, akafunga mlango.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya siku ya kliniki. Bibi alijifunga shali mbili, akapanda nyuma ya mwanawe.

"Baba, ukifika juu ya mteremko simama kwanza," Mama Mikate alisema. "Zibonyeze-bonyeze, halafu..."

"Kwani fundi ni nani hapa?" Fundi akamkatiza huku akicheka. Si mtu wa ukali, nami simhukumu. Ila neno linaweza kusemwa kwa kicheko na bado likamkata mtu kauli.

Hakusimama juu ya mteremko. Baiskeli ikashika kasi, kreti ikigongagonga, hadi walipoiona ile kona ya karakana ya seremala, mahali barabara inapokutana na njia ya malori. Fundi akabonyeza. Sahani zilikuwa na ukungu wa barafu, pedi zikateleza juu yake. Akaachia abonyeze tena, lakini mikono ya breki haikurudi. Ilibaki imelala kwenye usukani.

"Breki, mwanangu!"

"Nimeshika, mama!"

"Umeshika nini na tunakwenda? Zisukume nje! Kwa vidole, nje, halafu bonyeza! Mkeo hufanya hivyo!"

Fundi akasukuma, akabonyeza. Akasukuma, akabonyeza. Pedi zikalia, zikaanza kuuma. Akakata usukani kuelekea rundo la maranda nje ya karakana, na gurudumu la mbele likazama humo, mikate ikaruka kila upande. Lori likapita mbele yao, karibu kiasi kwamba upepo wake ulimvua bibi shali ya juu.

Pale kwenye maranda bibi alijipapasa magoti, akaona yako mahali pake, ndipo akasema polepole:

"Mimi nimeogopa mara moja. Mwenzako huteremka hapa kila siku."

Fundi aliivuta baiskeli kwa mkono, bibi akiegemea bega lake, hadi kliniki na kurudi. Nyumbani hakujitetea. Alimwambia mkewe, "Kesho asubuhi, kabla ya jua, unionyeshe."

Kesho yake walisimama nje wawili, pumzi zao zikitoka kama moshi. Mama Mikate aliuchukua mkono wa mumewe, akauweka juu ya breki.

"Bonyeza. Sasa achia. Ngoja. Unaona?"

Fundi aliusikia mkono wa breki ukijivuta kurudi. Akakumbuka. Msimu wa joto mafuta ya breki yalimwishia dukani, akaziongezea breki za mkewe mafuta ya jeki ya kuinulia magari, akijiambia mafuta ni mafuta. Wakati wa joto hayakuonyesha kosa. Baridi ilipokuja, yakawa mazito kama asali ndani ya kijibomba.

"Nisamehe," alisema. "Niliipima breki, sikukusikiliza wewe."

"Tumerudi wote," mkewe akajibu. "Mimi nashukuru kwa hilo. Sasa itengeneze."

Akayamwaga mafuta yote, akasafisha, akatia yale yanayostahili breki zile, akatoa hewa yote. Siku hizi anayemletea baiskeli huulizwa kwanza, "Inakusumbua saa ngapi?" Kama ni alfajiri, Fundi huamka alfajiri. Na juu ya mteremko Mama Mikate bado husimama kuzijaribu, kwa sababu hata breki nzima sahani yake ikilowa na kuganda huchelewa kushika.

Jioni, anayeingiza baiskeli jikoni ni Fundi mwenyewe. Bibi akisikia magurudumu mlangoni husema, "Mgeni amefika, msogezeeni jiko."

Tulichojifunza

Mtu wa nyumbani mwako akikwambia kuna jambo linamtisha, usilipime kwa saa yako. Nenda nalo saa yake, mahali pake, uweke mkono wako pale anapoweka wake. Ukiona hakuna kitu, bado usimcheke, kwa sababu anayechekwa hunyamaza, na akinyamaza hutajua hatari iko wapi. Na kwa wenye breki za mafuta: tieni mafuta yake, si yoyote yaliyo karibu, na asubuhi ya baridi zijaribuni mkiwa mmesimama, kabla mteremko haujaanza. Fundi Spoki alipewa nafasi ya kujifunza, mama yake akiwa nyuma yake. Tumshukuru Mungu kwa hilo, na kila mmoja aanze na nyumba yake.