Alama Nyekundu Mlangoni kwa Koko Geneviève

Kila asubuhi kabla ya masomo, Mamy alivuka barabara kumpelekea maji Koko Geneviève. Hakuwa bibi yake wa kuzaliwa, lakini mtaa mzima ulimwita Koko, na miguu yake iliyovimba haikuweza tena kushuka hadi kwenye chemchemi. Mamy alimimina maji, akafagia ua, akawafungulia kuku, kisha akakimbia shuleni.

Mwaka ule barabara kuu ya Walikale ilikuwa ikipanuliwa. Katapila, ile mashine kubwa ya kuchimba, ilianzia upande wa soko ikaja polepole, mtaa baada ya mtaa. Ilipopita, miteremko ilibaki imekatwa wima, udongo mwekundu ukiwa wazi kama kidonda. Hata ilipokuwa bado mbali, sahani zilitetemeka mezani.

Siku moja vijana wenye makopo ya rangi walipita wakichora X nyekundu kwenye kuta. Nyumba ya kina Mamy haikuguswa. Nyumba ya Koko, iliyojengwa ukingoni mwa mteremko, ilipata X kubwa kando ya mlango.

"Papa, ile X maana yake nini?" Mamy aliuliza.

"Ile nyumba itavunjwa," baba yake akajibu. "Wenyewe watapewa kiwanja kule juu, nyuma ya kanisa. Shefu wa mtaa, Barthélemy, atapita kila nyumba yenye X, awaambie siku ya kutoka."

Mamy alisikia neno moja tu: itavunjwa. Jioni alimkuta Koko ameketi mbele ya ule ukuta, machozi yakimtiririka.

"Batoto yangu yote nilibazalia humu," Koko alisema. "Sasa nitaenda wapi na hii miguu?"

Kesho yake, Koko alipokuwa amejilaza, Mamy aliokota kipande cha tofali akaikwangua ile rangi. Kisha akapaka udongo mbichi juu yake. Ulipokauka, ukuta ulikuwa kama zamani.

"Mamy, kuja uone!" Koko alimwita kwa furaha. "Bamefuta! Mungu amenisikia."

Mamy alifumbua kinywa aseme ukweli. Akautazama uso wa yule mzee, uliokuwa umeng'aa kama wa msichana, akashindwa.

"Ndiyo, Koko," alisema.

Wiki zilizofuata mtaa ulianza kuwa mtupu. Majirani walishusha mabati, wakang'oa milango, wakapanda navyo kwenye viwanja vipya. Jioni hapakuwa tena na moshi wa jikoni wala sauti za kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Palibaki kuta zisizo na paa, na mbwa waliozurura wakinusanusa. Shefu Barthélemy alipita mlangoni kwa Koko mara nyingi bila kusimama, kwa kuwa hakuona alama. Jirani mmoja aliyekuwa akihama, Mama Colette, alishangaa.

"Koko, na wewe hukuwa na X?"

"Bamebadilisha mawazo," Koko akamjibu, akicheka, na mtaa wote ukaamini hivyo, hata baba yake Mamy.

Asubuhi moja, akifagia, Mamy aliona ufa umepita katikati ya ua. Uliweza kumeza kidole. Siku chache baadaye, mvua kubwa ikiwa imenyesha, uliweza kumeza mkono mzima. Ukiinama, ulisikia udongo ukidondoka huko chini.

"Iko jua tu, linakausha udongo," Koko alimwambia.

Mamy alijua si jua. Lakini kuutaja ule ufa kwa watu wakubwa kungemlazimu kutaja na ile rangi. Akaendelea kufagia kando ya ufa, bila kumwambia mtu.

Hatimaye katapila ikafika. Mamy alikuwa njiani kwenda shule alipoiona ikilima chini ya mteremko wa kwa Koko. Watu walikuwa wamejipanga ng'ambo wakitazama, baba yake akiwa miongoni mwao.

"Nyumba zote za X ziko wazi," Shefu Barthélemy alimwambia kapita, msimamizi wa kazi.

Chuma kikauma udongo. Kule juu, kuku wa Koko waliruka kwa makelele, na mlango wake ulikuwa bado umefungwa.

Mamy alitupa begi lake akakimbia mpaka mbele ya mashine, mikono juu. Dereva akafunga breki.

"Wewe mutoto, unataka kufa?" kapita alifoka.

"Koko iko ndani! Simamisheni!"

"Ile nyumba haina X. Bapimaji baliiacha."

"Ilikuwa nayo," Mamy alisema. "Mimi njo niliifuta."

Kapita alitazama juu, akauona ufa ambao sasa ulikuwa umefika ukingoni. Hakuuliza tena. Yeye, shefu na baba yake Mamy walipanda mbio, wakavunja mlango, wakambeba Koko juu ya kiti chake. Walikuwa bado wanavuka barabara ua wote ulipozama. Jiko likafuata, kisha ukuta wa nyuma, na vumbi jekundu likafunika kila kitu.

Mamy alipiga magoti mbele ya Koko.

"Nisamehe, Koko. Uliponiita uone ukuta, nilikudanganya. Sikutaka ulie tena."

Koko aliugeukia ukuta uliobaki. Shefu Barthélemy akasema kiwanja kimoja kilikuwa bado kimebaki nyuma ya kanisa, Koko angepewa hicho, na mabati yaliyosalimika yangepandishwa siku hiyohiyo. Baba yake Mamy aliahidi kumjengea pamoja na wanaume wa mtaa. Mpaka hapo, Koko angelala kwao.

Ndipo Koko akaushika mkono wa Mamy.

"Mutoto wangu, najua ulinionea huruma," alisema. "Lakini ungeniambia, ningelia siku moja, kesho ningefunga vitu vyangu na kwenda na bengine. Ulinificha, nikabaki nacheka juu ya kaburi. Siku ingine ukiona mubaya inanikujia, uniambie. Hata kama nitalia, uniambie."