Mafuta ya Jikoni

Nyumbani kwa Mama Pacha, siku ilianza kwa sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mapacha wakigombea beseni la kunawia. Ya pili ilikuwa ya cherehani ya bibi yao.

Cherehani yenyewe ilikuwa ya zamani hasa. Ilikuwa nyeusi, ya chuma kizito, na maua yake ya dhahabu yalikuwa yamefifia kwa kufutwafutwa. Bibi aliirithi kwa mama yake. Aliketi nayo dirishani, akakanyaga, nayo ikaitika. Alishonea mtaa mzima mashuka, foronya na sare za shule. Macho yalipopungua nguvu, vidole viliendelea na kazi. Wajukuu walimtungia uzi, naye akawatania kwamba mshahara wao wataukuta peponi.

Siku moja bibi alimwambia binti yake, Mama Pacha, kwamba cherehani imekuwa nzito. Akikanyaga ni kama anapanda mlima. Akamwomba aitie mafuta.

Kichupa cha mafuta ya cherehani kilikuwa kimekwisha. Mama Pacha alikuwa na haraka, na sufuria ilikuwa motoni. Akaona mafuta ni mafuta tu. Akachukua yale ya kupikia, tena yale mazuri ya wageni, akayatia kwenye kila tundu. Siku hiyo cherehani ikawa laini. Bibi akamshukuru na kumwombea dua. Kila ilipoanza tena ukaidi, Mama Pacha aliongeza mengine.

Hakuwa na nia mbaya, masikini. Lakini chuma hakijui nia ya mtu. Mafuta yale yalikauka ndani, yakanata, yakashika vumbi na nyuzinyuzi. Bibi akiwa katikati ya mshono wa foronya, cherehani ikagoma. Gurudumu halikwenda mbele wala nyuma. Sindano ikabaki imechomeka kitambaani.

Mama Pacha hakumwita fundi. Mambo yalikuwa mengi, naye aliona kitu kikongwe namna ile kina haki ya kufa.

"Imezeeka, mama," alisema. "Iache ipumzike."

Bibi alilipapasa gurudumu kwa kiganja. "Basi tumechoka wote wawili," akasema.

Tangu hapo hakuwa na la kumwamsha mapema. Alishinda kitandani, uso ukutani. Mara mojamoja aliuliza kama kuna mtu ameiangalia cherehani yake. Mama Pacha alimjibu kuwa kesho ataitwa mtu. Kesho ikazaa kesho, mpaka bibi akafariki, na foronya yake ingali chini ya sindano.

Baada ya maziko, Mama Pacha hakuweza hata kuitazama ile cherehani. Akaamua kumwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Alichotaka kibaki ni ile foronya tu. Shemeji yake akaja na nyundo, alipige gurudumu ili sindano ipande.

Pigo la kwanza lilisikika hadi nyumba ya pili, alikokaa Mzee Bisibisi. Mzee huyu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo mpaka alipostaafu. Bisibisi haikutoka mfukoni mwake. Watu walimtania kwamba hata siku ya harusi yake alikuwa nayo. Aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Weka nyundo chini," alimwambia shemeji. "Chuma hiki hakipindi, kinapasuka. Kikipasuka, ndipo itakufa kweli."

Akafungua kibati kilicho chini ya sindano. Akakwangua kwa ukucha utando wa kahawia, akaunusa.

"Haya ni mafuta ya kupikia. Nani aliyatia?"

Mama Pacha alitamani kusema ni marehemu. Ulimi ukamkatalia. "Ni mimi," alisema.

Mzee hakumgombeza. Alieleza kwamba mafuta ya jikoni hukauka na kuwa kama gundi, ila ya cherehani ni mepesi na hayagandi upesi. Akamwomba mafuta ya taa kidogo. Akafungua madirisha, akawaonya watoto wasiyaguse, na moto usiwe karibu. Akadondosha tone kwenye kila kiungo na kuyaacha yalainishe ile gundi hadi kesho yake. Aliporudi, alilichezesha gurudumu polepole, bila nguvu, akifuta uchafu kwa kitambaa na mswaki mkuukuu. Kisha akatia mafuta ya cherehani, tone mojamoja. Gurudumu likazunguka.

Mama Pacha alilitazama likizunguka, machozi yakamlenga.

"Mzee, ningekuita siku ile ilipogoma, ungeiponya?"

Mzee Bisibisi alifuta bisibisi yake, akairudisha mfukoni.

"Ningeiponya, mwanangu. Sikufichi. Na mimi nilisikia imenyamaza. Nikadhani mama ameamua kupumzika. Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza."

Majuto ni mjukuu, na siku hiyo aliketi katikati yao.

Mama Pacha akavuta kiti cha mama yake. Akaanzia mshono pale pale ulipoishia. Wa bibi ulikuwa umenyooka, wake ulipinda kidogo. Hakuufumua.

Siku hizi kichupa cha mafuta ya cherehani kimo kwenye droo ya meza. Kabla ya kushona, mapacha hufagia nyuzinyuzi na kutia tone kwenye kila tundu. Baada ya kazi, cherehani hufunikwa shuka. Jirani akija na yake nzito, Mama Pacha humweleza yote, hata sehemu inayomuuma. Kazi za sare zimerudi, na mtaa unaisikia tena asubuhi.

Juzi pacha mdogo alikuwa akitunga uzi.

"Mama," aliuliza, "bibi angefurahi kuisikia?"

Mama Pacha aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Angefurahi, mwanangu," alisema. "Alikuwa anaisubiri."