Taa Inayowashwa na Mlango

Shiundu na mkewe Jentrix walipanga chumba cha mabati huko Kawangware. Ulikuwa mwaka wa 1982. Shiundu alikuwa seremala. Jentrix alikuwa na mimba ya miezi saba.

Stima ya vyumba vyote vya ploti ile ilitoka kwenye swichi kubwa moja. Swichi hiyo ilikuwa jikoni kwa Mama Wakarima, mwenye ploti. Aliiwasha saa kumi na mbili jioni na kuizima saa nne usiku. Mchana hapakuwa na stima. Kila mpangaji alijua hivyo.

Chumbani kwa Shiundu, swichi ya taa ilikuwa karibu na kitanda, mbali na mlango. Jioni moja Jentrix aliingia gizani akiwa na ndoo ya maji kichwani. Alijikwaa kwenye jiko, akaanguka kwa magoti. Mtoto tumboni hakuumia. Lakini tangu siku hiyo Shiundu hakutulia.

Jumamosi alikwenda Laini Saba, Kibera. Kwa mafundi wa jua kali alipata swichi ndogo iliyotolewa kwenye friji kuukuu.

"Ona," alimwambia Jentrix. "Mlango ukifungwa, unaibonyeza, taa inazimika. Ukifunguliwa, taa inawaka yenyewe."

"Na tukifunga mlango tukiwa ndani? Tule gizani?"

Shiundu alikuna kichwa. "Hilo nitalifikiria nikiwa juu."

"Mngoje jirani yetu Muema, fundi wa stima. Wewe fundi wa vitanda. Stima haipigwi randa."

"Muema atatoka kazini saa kumi. Mimi naanza sasa. Mchana stima imelala."

Alipanda juu ya stuli. Kwa mkono wa kushoto alijishikilia kwenye ukuta wa mabati. Aliukata waya kwa kisu, akamenya ncha zake kwa meno. Kisha akazishika kwa vidole ili azifunge.

Siku hiyo Mama Wakarima alikuwa na nguo ya kuvaa mazishini. Pasi yake ya makaa ilikuwa imeazimwa. Akachukua pasi ya stima, akawasha swichi kubwa.

Redio ya jirani ilianza kuimba ghafla. Jentrix aliinua macho. Shiundu alikuwa amekakamaa ukutani. Mdomo ulikuwa wazi, lakini sauti haikutoka.

Jentrix alipiga mayowe, akamkimbilia.

"Usimguse!" Muema alikuwa ametoka kazini mapema, ndiyo kwanza anaingia uani, bado na mfuko wake wa kazi. "Ukimshika, stima itapita kwako na kwa mtoto! Kimbia kwa Mama Wakarima, azime!"

Jentrix alikimbia. Muema aliokota ubao mkavu wa kitanda. Kwa ubao huo aliusukuma mkono wa Shiundu kutoka kwenye waya. Shiundu alianguka sakafuni. Alikuwa anapumua.

"Twende hospitali," alisema Muema.

"Niko sawa," Shiundu alinong'ona.

"Huwezi kuuona moyo wako. Lazima upimwe."

Hospitalini walikuta moyo uko salama. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua hadi ndani.

Jioni Mama Wakarima alileta maziwa. Hakukaa. "Sikujua kuna mtu kwenye waya," alisema.

"Na mimi sikukwambia," alijibu Shiundu.

"Nyote wawili mliamini desturi," alisema Muema. "Stima haijui saa."

Baada ya wiki tatu, Muema alifanya kazi ile. Alikuwa na leseni ya kufanya hivyo. Kwanza alimweleza Mama Wakarima. Alijaribu tesa yake, bisibisi yenye kitaa, kwenye waya wenye stima, ikawaka. Ndipo akazima swichi kubwa, akatoa fyuzi, akaitia mfukoni.

"Sasa hakuna wa kuiwasha bila kuja kwangu," alisema.

Aligusisha tesa tena kwenye waya. Haikuwaka. Alipitisha waya mpya ndani ya bomba la plastiki, ili usiguse mabati.

"Na kula gizani?" Jentrix aliuliza.

"Swichi ya karibu na kitanda inabaki. Ile ya mlango naiweka pamoja nayo. Mkifunga mlango, ile ya kitandani bado itawasha taa."

Mtoto alizaliwa Septemba. Siku aliyotoka hospitali, Jentrix alifika kwenye ploti jua likizama. Mama Wakarima alikuwa uani. Sasa hakuigusa swichi kubwa kabla ya kuuliza.

"Kuna mtu kwenye waya?"

Vyumba vilijibu kimoja kimoja. "Hakuna." "Hakuna, mama." Alingoja mpaka cha mwisho kikajibu. Akaingia jikoni, akawasha.

Jentrix alisukuma mlango kwa mguu. Taa ikawaka. Aliliona jiko, akalizunguka.

Shiundu aliingia nyuma yake, akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Vile vidole viwili havikukunjika. Alimshika kwa vilivyobaki.