Subana Kwenye Geti

Mlango wa basi ulimfungia puani, na hapo ndipo alipopaswa kuogopa. Hakuogopa. Alimtukana dereva, dereva akaapa hajagusa kitufe chochote, na abiria wa nyuma wakasema wamesikia kitu kikigonga kioo, ko, ko, ko, kama kidole cha chuma.

Huyo mwanamume walimwita Bwana Dakika. Kazi yake ilikuwa kufunga geti la kivuko, na king'ora kikilia hufunga, hata anayekimbia awe mama yake mzazi. Mji wenyewe umeizunguka ghuba yote: huku nyumba za watu, ng'ambo maofisi na hospitali kubwa. Mwenye haraka hupanda kivuko. Mwenye subira hupanda treni inayozunguka maji, au basi la darajani, na anayejiona ana hela hukodi teksi akanuna njia nzima. Kwa hiyo mwenye ufunguo wa kivuko si mtu mdogo, na Bwana Dakika alijiona mkubwa kuliko kivuko chenyewe.

Palikuwa na fundi cherehani, mwanamke mwenye kibanda karibu na hapo na ulimi kama wembe. Asubuhi moja alimtazama sare yake, akamwambia mbele ya foleni nzima: "Shemeji, hiyo suruali imekubana, au cheo ndicho kimekuvimbisha? Ilete niipanue." Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia mbavu. Yeye hakucheka. Alilifunga fundo moyoni akaliacha humo lioze.

Mimba ya yule fundi ilipofika wakati wake, uchungu ulimkuta kazini. Alikuja mbio, tumbo mbele, subana ingali kidoleni, kile kikofia cha chuma wavaacho washonaji wasijichome. King'ora kilikuwa kimelia lakini kivuko kilikuwa bado kimefungwa kamba. Nafasi ya kumpitisha ilikuwepo, na kila mwenye macho aliiona. Fundi akashika nondo za geti.

"Shemeji, nifungulie. Mtoto anakuja."

Bwana Dakika alimtazama, akaikumbuka suruali, akageuza ufunguo. "Muda umekwisha. Ngoja kinachofuata."

Fundi alifia kwenye benchi la kungojea, kando ya geti, yeye na wa tumboni, mkono mmoja bado kwenye nondo, subana ikigonga, ko, ko, ko, mpaka ikanyamaza. Neno lake la mwisho alimwambia Bwana Dakika: "Nitangoja." Wakubwa wa kivuko walimsifu Bwana Dakika kwa kutunza ratiba.

Baada ya mazishi likaja lile basi la kwanza, kisha ikawa treni. Alikuwa na mguu mmoja ndani, mlango ukambana, na alipojichomoa kiatu kilikwenda safari bila yeye. Kisha zikafuata teksi, kitasa kinamgomea yeye tu. Halafu mambo yakahamia nyumbani. Mlango wa bafu ulimfungia ndani, na bafuni pakanuka mafuta ya cherehani na damu ya uzazi, harufu nzito ya chuma kilicholowa.

Nyumba hiyo ilikuwa ya watu wawili: yeye, mjane wa miaka mingi, na binti yake wa pekee, ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi kwenye meli za mizigo. Binti alikuwa mjamzito. Huyo binti ndiye pumzi yake. Mwingine hakuwa naye duniani.

"Baba," binti alimnong'oneza jioni moja, "ni nani anagonga dirisha langu?"

"Upepo."

"Upepo hauna kidole, baba."

Hapo ndipo alipoogopa. Akamtafuta bibi mmoja anayepunga mashetani. Bibi alifukiza ubani, na moshi, badala ya kutoka mlangoni, ukarudi ukamjaa Bwana Dakika usoni. Bibi akauzima.

"Jini ningemfukuza," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu ana haki yake. Nenda pale getini, useme ulichomfanyia, foleni ikisikia. Yote, na suruali yako humo."

Bwana Dakika alikwenda. Alichagua siku ambayo kivuko kilikuwa kwenye matengenezo na hapakuwa na hata paka, akatazama nyuma, akazinong'onezea zile nondo neno moja la samahani kama mtu anayetema kokwa, akarudi zake. Kugonga kukakoma. Alimwambia binti mambo yamekwisha, akapiga mluzi.

Siku chache baadaye, kivuko kimerudi kazini, uchungu ulimshika binti adhuhuri. Walisimamisha teksi; mlango ukamfungukia binti, ukamgomea baba. Dereva akasema amwahishe mgonjwa, mzee atafuata. Bwana Dakika akamshusha binti: haendi mtu bila yeye. Wakakokotana hadi kivukoni. Getini alikuwa mwenzake wa zamu, kijana aliyefundishwa kazi na yeye mwenyewe. King'ora kikalia. Binti akapita. Geti likajifunga.

"Nifungulie, mwanangu anazaa."

Kijana alivuta geti kwa nguvu zake zote, lisitikisike. Na Bwana Dakika, ameshika nondo pale pale palipowahi kushikwa, aliona mwanamke akimpokea binti yake kwenye kivuko, akimpitishia mkono kiunoni, mkono wenye kitu kinachong'aa kidoleni, na kamba zikafunguliwa na maji yakaanza kupanuka katikati yao, akakimbia kituo cha treni na milango ikamfungia, akakimbilia basi na mlango ukamfungia, teksi zikajifunga kwa zamu alipozipita kama watu wanaomgeuzia kisogo, mpaka akaiona pikipiki akacheka kwa kilio kwa kuwa pikipiki haina mlango, na ikampeleka vizuri, upepo usoni, mpaka mdomoni mwa daraja, ambapo kizuizi cha chuma kilishuka mbele yake yeye tu, na harufu ya mafuta ya cherehani ikamjaa kooni.

Alirudi kwenye benchi la kungojea kwa miguu. Jua lilikuwa linazama simu ilipolia.

"Baba, nimejifungua salama. Wa kike. Mbona huji?"

"Nakuja, mama. Uko na nani?"

"Niko na yule mama aliyenivusha. Amempakata mtoto, na nguo ameshamshonea, sijui saa ngapi. Nimemwomba anirudishie, anatabasamu tu." Sauti ya binti ikashuka. "Baba, hataki kumwachia. Anasema mpaka ufike wewe. Anasema hana haraka, atangoja."

Na nyuma ya sauti ya mwanawe, taratibu, ko, ko, ko.