Vidonge vya Nani

Adhuhuri ya mwisho wa mwezi watu walikuwa wamejazana mbele ya kaunta ya duka la dawa lililo chini ya jengo la ghorofa nane, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyetangulia. Mama mmoja alitaka dawa ya kikohozi, mzee mmoja alitaka kubishana tu, na katikati yao alisimama kijana mrefu, ovaroli yake ya bluu imetapakaa grisi, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama stempu.

"Karibu kaka," alisema mfamasia. Wateja walimwita Daktari, na alishachoka kuwasahihisha. Koti lake jeupe lilipigwa pasi likanyooka, na masikioni alining'iniza hereni nyekundu ambazo bosi wake hakuzipenda.

"Naomba hii," kijana akasema kwa sauti ya chini. "Na tafadhali usiisome kwa sauti."

Daktari akaikunjua. Dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, za mwezi mmoja. Mahali pa jina paliandikwa namba tu. Karatasi za namna hiyo alizizoea. Upande wa pili wa mji kulikuwa na kliniki iliyozitoa bure, lakini wapo watu ambao afadhali wauze kitanda kuliko kuonekana kwenye benchi la kliniki ile, na kwa ajili yao bosi aliagiza makopo kutoka nje na kuyauza kwa bei ya kukausha mate. "Dawa ya bure iko kule," bosi alipenda kusema. "Hapa watu wananunua siri. Kwa hiyo usimuulize mtu jina."

"Unaweza kuibandua hii karatasi ya kopo?" kijana akauliza.

"Naweza. Au nikuhamishie kwenye chupa ya vitamini, nitie na pamba juu, visipige kelele mfukoni?"

Kijana akamtazama. "Daktari, ulikuwa wapi siku zote?"

"Nyuma ya kaunta hii hii. Na wewe unafanya kazi gani mpaka unachafuka hivyo?"

"Fundi wa lifti."

"Makubwa. Lifti ya jengo letu imekufa wiki ya pili leo, na wewe unapita tu."

"Ndiyo niliyotumwa kutengeneza. Sasa nitahakikisha haiponi haraka."

"Jamani," mzee wa kubishana akadakia, "mapenzi yenu mkafanyie nje, mimi nina presha."

Watu wakacheka. Fundi akaondoka na chupa yake, lakini mwezi uliofuata akarudi, na wa tatu akarudi na shati safi, na huo wa tatu aliondoka na namba ya simu.

Sasa niwaeleze jambo, maana bila hilo mtamwona Daktari ni mwepesi, na mwepesi si sifa yake. Yeye mwenyewe alikuwa akimeza vidonge hivyo hivyo mwaka wa sita. Alikuwa na mchumba, akamweleza ukweli siku ya Ijumaa. Jumatatu mchumba akamtuma dada yake aje kuchukua nguo na redio. Tangu hapo Daktari aliapa kwamba atakayefuata awe mwenzake, mtu ambaye hatahitaji kuelezwa kitu. Basi alipoisoma ile karatasi alifurahi. Ni aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa: alifurahi kwamba mtu ni mgonjwa. Na alivyodhani yeye, Fundi alikuwa amekwisha kutambua kwamba ni mwenzake, maana nani mwingine angemhudumia kwa upole ule?

Fundi hakutambua lolote. Vidonge havikuwa vyake. Vilikuwa vya shangazi yake, mwalimu mkuu mstaafu aliyemlea tangu akiwa na miaka mitano, naye alimwapisha: "Wakikuuliza, sema ni vyako." Hakuulizwa, akanyamaza. Alipoona Daktari anamchekea, akajiambia: huyu dada anaamini nina virusi, na bado ananipenda. Mwanamke wa namna hii anapatikana wapi? Furaha ikamjaa, na aibu ikafuata nyuma, kwa sababu alijiona mwongo. Akisema kweli, anamuumbua shangazi. Akinyamaza, anapendwa kwa mzigo usio wake. Kizungumkuti, wala hakuwa na wa kumuuliza.

Simu zao za saa ya chakula cha mchana zilikuwa hivi.

"Laazizi, umekula?"

"Nitakula nikishuka. Niko juu ya lifti, ghorofa ya sita."

"Na unaongea na simu? Ukidondoka nitamwambia nini mama yako?"

"Sina mama, nina shangazi. Mwambie nilikufa nikikusikiliza."

"Wewe una maneno. Kesho utakuja?"

"Kesho nina lifti mbili."

Kila alipokaribishwa nyumbani kwa Daktari, Fundi alikuwa na lifti mbili. Miezi minne ilipita kwa kushikana mikono na kubusiana mlangoni, na Daktari akadhani ni heshima.

Jumapili moja akakosa kisingizio. Daktari aliishi ghorofa ya tatu, chumba na sebule, pazia la kijani, kila kitu mahali pake. Alivaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, akapakua chakula, wakala, wakataniana. Saa nane kamili simu yake ikalia kengele. Akaingia chumbani, akarudi na glasi mbili za maji na kidonge kiganjani, akakimeza mbele ya Fundi bila kujificha. Miaka sita hakuwahi kumeza mbele ya mtu.

"Na wewe toa chako," akasema akitabasamu. "Au huwa unameza saa ngapi?"

Fundi akaishika glasi asijue aifanyie nini. "Changu kipi?"

"Usinichezee. Umeviacha nyumbani?"

"Hapana."

"Umeacha kumeza?" Sauti ya mpenzi ikatoka, ikaingia ya mfamasia. "Unajua ukirukaruka siku, virusi vinaizoea dawa? Unajua hilo, au nikuchoree?"

"Sijaacha. Sijawahi kuanza."

"Miezi sita nakuuzia."

"Si vyangu."

Kichwani mwa Daktari mambo yaliingia yakisukumana mlangoni. Huyu mtu ni mzima. Nimemeza mbele yake. Na kama si vyake, ni vya nani?

"Vya nani?"

"Siwezi kusema. Niliapa."

"Vya mke wako."

"Sina mke, kipenzi."

"Mwanaume hamnunulii jirani dawa za siri kila mwezi. Una mwanamke."

"Kumbe na wewe..." Fundi akaanza, akakwama.

"Na mimi nini? Malizia."

Hakuweza kumalizia. Naapa hakuwa na karaha hata chembe. Alikuwa anajaribu kuipanga upya miezi yote ile kichwani, na haikupangika. Lakini uso wake ulivyoganda, Daktari aliuona uso wa yule mchumba wa Ijumaa.

"Toka," akasema taratibu. "Na dukani kwangu usikanyage."

Fundi alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Nipe dakika moja tu, kipenzi."

"Sema ni vya nani."

"Siwezi."

"Basi dakika yako imekwisha."

Shangazi alikuwa sebuleni anasahihisha gazeti kwa kalamu nyekundu, tabia aliyoshindwa kuiacha alipostaafu. Fundi akapiga magoti kando ya kiti, akamsimulia yote, akamalizia: "Naomba ruhusa nimwambie mtu huyo mmoja."

"Hata kidogo. Na huyo mwanamke achana naye. Sikukulea uje uoe ugonjwa."

Fundi alidhani masikio yanamdanganya. "Shangazi, wewe mwenyewe..."

"Mimi mwenyewe ndiye ninayejua. Nilimzika mume wangu. Mashemeji walichoma godoro lake, wakachoma na langu, mimi niko hai nimesimama pale uani natazama. Nusu ya wauguzi wa mji huu nimewafundisha mimi. Unataka waseme mwalimu mkuu anao, na mkwe wake anao?"

Wanasema nyani haoni kundule. Huyu aliliona vizuri sana, na ndilo lililomtisha.

"Basi dawa za mwezi huu utazifuata mwenyewe," Fundi akasema, ingawa hakuwahi kumjibu hivyo maishani. "Mimi nimefukuzwa pale, na nimefukuzwa kwa ajili yako."

"Zimebaki za siku tisa."

"Najua, shangazi. Shikamoo." Akatoka. Kuanzia hapo ndani ya nyumba ile ikawa salamu asubuhi, salamu jioni, basi.

Siku ya nane mama mmoja aliingia dukani saa ya msongamano, kilemba kimefunika paji lote la uso, miwani ya jua mikubwa. Akanunua dawa ya meno. Akanunua pamba. Akawapisha watu watatu kwenye foleni, akanunua plasta. Daktari, macho yamevimba wiki nzima, akamuuliza, "Mama, nikusaidie nini kingine?"

"Zile anazochukua fundi wa lifti."

Siku zote Daktari alikuwa akimsubiri mwanamke kijana, ameshamchorea kichwani hadi rangi ya mdomo. "Wewe ni nani wake?"

"Shangazi yake." Mama akavua miwani. "Ni zangu. Mwaka wa tisa ni zangu. Yeye mbebaji tu."

Daktari akakaa kwenye stuli. Wiki nzima alikuwa akimwonea wivu mtu mwenye mvi. Alitaka kucheka, alitaka kulia, na hakuna kilichokuja.

"Mbona hakusema?"

"Nilimwapisha. Na usidhani nimekuja kukubembeleza, binti. Mimi sikutaki. Nimekuja kwa sababu dawa zinaniishia na mtoto hanisemeshi."

"Sawa, mama."

"Usiniambie sawa."

Daktari akalishusha kopo kutoka rafuni, akalitazama, akalirudisha. Bosi alikuwa chumba cha nyuma na simu. Akainama juu ya kaunta. "Hizi unalipia kutoonekana tu. Dawa ni ileile, kule wanatoa bure. Na kule wanakupima damu. Sisi tunakuuzia, tunakuaga. Mara ya mwisho ulipimwa wingi wa virusi lini?"

Shangazi akatazama plasta zake. Hakuwahi kurudi kupima.

"Vyangu havionekani kwenye kipimo mwaka wa tano," Daktari akasema. "Maana yake simwambukizi mtu. Wewe miaka tisa unameza gizani. Keshokutwa naenda kliniki. Nitakupa vya siku mbili, kisha twende wote."

"Kwenye lile benchi? Wewe huna aibu?"

"Ninayo. Huwa naenda nayo."

Alipoondoka mama yule, Daktari alilishika jina la Fundi kwenye simu, akaliacha. Kumsamehe alishamsamehe. Kilichomshinda ni kwamba sasa Fundi anajua, na ni mzima, na wazima alishawaona wanavyoaga.

Siku ya kliniki Fundi ndiye aliyemleta shangazi, shati jeupe, viatu vinang'aa. Shangazi akakaa mwisho wa benchi, mkoba mapajani, akitazama mbele kama anasimamia mtihani. Fundi akasimama kando ya Daktari.

"Nilidhani unanipenda ukiamini nimeathirika," akasema. "Kila siku nilijiona tapeli."

"Na mimi nilidhani unanipenda ukijua niko hivi."

"Kwa hiyo tulikuwa tunapendana na watu ambao hawapo."

"Usifanye mzaha, Fundi. Mpango wangu ulikuwa kumpata mtu nisiyehitaji kumweleza kitu. Wewe si mtu huyo. Utaanza kunihofia glasi, kijiko, mate yangu."

"Nakuhofia tangu siku ya kwanza, lakini si kwa kijiko." Akamshika mkono mbele za watu. "Nieleze basi. Nimeomba ruhusa kazini siku nzima."

"Sijui nianzie wapi."

"Na mimi sijui niulize nini. Tutakaa hivyohivyo."

Daktari hakuuondoa mkono. Hakujua ni ndiyo au ni uchovu.

Mlango ukafunguliwa, muuguzi mmoja mnene akatoka na faili, akamwona aliyekaa mwisho wa benchi, faili likataka kumponyoka. "Shikamoo, Mwalimu."

Benchi zima likageuka. Shangazi akafumba macho, akayafumbua. "Marahaba. Bado unaandika kwa kulaza herufi?"

"Bado, Mwalimu," muuguzi akasema, akavuta kiti chake mwenyewe akampa, akaanza kumwandikisha palepale mezani mlangoni. Umri. Mtaa. "Na ndugu wa karibu, wa kupigiwa simu?"

Fundi akasogea mbele. Shangazi akamtazama, akampita kwa macho.

"Andika yule binti wa hereni nyekundu."

"Ni nani yako, Mwalimu?"

"Mkwe."

Daktari akasimama bila kujua amesimama. "Mama, hata hajaniuliza."

"Huyo ni mzito, nimemfundisha mwenyewe. Namba ya simu, mwanangu, watu wanasubiri."

Daktari akaanza kuitaja namba yake, tarakimu mojamoja, machozi yanamtiririka na hajui ni ya nini. Akakosea. Akaanza tena, akakosea palepale. Muuguzi akasubiri na kalamu hewani, na Fundi, aliyeipiga namba ile mara kumi na mbili siku moja, akaitaja yote mpaka mwisho.